Kitambaa Hakikutuangusha

Ukitaja barakoa ya kitambaa siku hizi mbele ya watu, unajibiwa kwa kicheko. Kwenye vibaraza vya kahawa, ndani ya daladala, hata kwenye vikao vya watu waliosoma, hukumu imeshatolewa: zile barakoa tulizoshonewa na mafundi wa mtaani mwaka 2020 zilikuwa maigizo. Kirusi ni kidogo mno na kitambaa kina matundu. Wazungu wenyewe wamefanya utafiti wakakiri hazifai. Tulipotezewa fedha na pumzi bure. Maneno haya yamerudiwa mpaka yamekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi, na anayeyapinga huonekana mtu aliyebaki nyuma, bado analia msiba uliokwisha anuliwa tanga.

Mimi nayapinga. Barakoa ya kitambaa, iliyoshonwa vizuri na kuvaliwa inavyotakiwa, ilikuwa kinga ya kweli; ndogo kuliko ile ya hospitalini, lakini ya kweli. Kilichoharibika ni namna tulivyoishona, tulivyoivaa na tulivyoamrishwa kuivaa. Nalisema hili kwa sababu ya kesho. Mlipuko mwingine wa ugonjwa unaosafiri kwa pumzi utakuja, na siku utakapoingia, kama ilivyokuwa mara ile, shehena ya barakoa kutoka ng'ambo haitakuwa imefika bandarini. Tukiifikia siku hiyo tukiamini kwamba kitambaa ni upuuzi, tutakaa midomo wazi tukisubiri.

Wanaocheka wanasahau hali ilivyokuwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la korona tarehe 11 Machi 2020. Siku mbili baadaye Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza; tarehe 16 Machi ikawa zamu ya Tanzania, mgonjwa akiwa Arusha. Wakati huo barakoa za hospitali zilikuwa zimeadimika dunia nzima. China, iliyokuwa ikizitengeneza kwa wingi kuliko nchi yoyote, ilikuwa inazihitaji yenyewe. Huko Marekani, pamoja na utajiri wake wote, mganga mkuu wa serikali Jerome Adams aliwaomba wananchi mwishoni mwa Februari waache kununua barakoa ili wauguzi wasikose. Kwenye maduka yetu ya dawa bei zilipanda mara dufu na zaidi, kisha bidhaa yenyewe ikatoweka. Kwa hiyo anayelinganisha kitambaa na barakoa ya hospitali analinganisha kitu tulichokuwa nacho na kitu ambacho hatukuwa nacho. Kwa mama muuza samaki pale Feri, kwa konda wa daladala ya Mbagala, kwa mwalimu wa Kigoma, mashindano ya kweli yalikuwa kati ya kitambaa na mdomo mtupu. Swali lolote kuhusu barakoa ya kushona ambalo halianzii hapo limeulizwa vibaya.

Sasa hoja ya matundu, maana ndiyo inayopendwa kuliko zote. Husemwa kwamba kuzuia kirusi kwa kitambaa ni sawa na kuzuia mbu kwa wavu wa samaki. Mfano huo unakaa kichwani upesi, lakini unaeleza kitu kisichotokea. Ni kweli kirusi cha korona kina kipenyo cha takriban sehemu moja ya kumi ya maikroni. Lakini hakitoki mdomoni kikiwa peke yake. Hutoka kimefungwa ndani ya mate na kamasi, kwenye matone ambayo makubwa yake unayaona kwa macho mtu anapokohoa penye jua, na madogo yake huelea hewani bila kuonekana. Hata hayo madogo ni makubwa kuliko kirusi chenyewe. Tena kitambaa hakichuji kwa ukubwa wa tundu tu. Nyuzi za pamba zina vinyweleo, na zimepandana. Tone linalokwenda kasi haliwezi kupinda kona pamoja na hewa. Linaugonga uzi na kunasa. Chembe ndogo kabisa huyumba hewani huku na huko, na katika kuyumba huko zinagusa nyuzi. Zinazoponyoka zaidi ni zile za ukubwa wa katikati, na ndiyo sababu tabaka moja halitoshi. Ukiongeza la pili na la tatu, chembe iliyopita kwenye la kwanza ina pengine pa kunasa.

Hili halikugunduliwa wakati wa korona ili kuwaridhisha wanasiasa. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio ambamo watu 21 walijishonea barakoa kwa fulana za pamba, kisha wakakohoa wakiwa wamezivaa, wakakohoa wakiwa na barakoa za hospitali, na wakakohoa bila kitu. Barakoa ya hospitali ilizuia vijidudu mara tatu zaidi ya ile ya fulana. Lakini ya fulana nayo ilipunguza vijidudu vilivyotoka kinywani, na kwa tofauti iliyo wazi. Watafiti hao walihitimisha kwamba itumike pale tu ambapo hakuna kingine, ila ni bora kuliko kukaa bila kinga yoyote. Huo ndio msimamo wangu mimi pia, na ulikuwepo kwenye maandishi zaidi ya miaka sita kabla ya korona kuzuka Wuhan.

Tena historia ya barakoa yenyewe ni historia ya kitambaa. Majira ya baridi ya 1910 kuingia 1911, tauni ya mapafu iliua watu wapatao 60,000 huko Manchuria. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, aliwaambia wenzake kwamba ugonjwa ule unasafiri kwa pumzi, akawataka wahudumu wajifunge barakoa ya shashi iliyotiwa pamba katikati. Daktari wa Kifaransa, Gérald Mesny, aliyejiona mkubwa kuliko Wu, alilidharau wazo hilo, akaingia kwa wagonjwa uso wazi, na baada ya siku chache akafa kwa tauni hiyo hiyo. Kifo kimoja hakithibitishi kanuni. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha jinsi dharau kwa kitambaa ilivyo ya zamani. Kwa miaka mingi iliyofuata, madaktari wa upasuaji duniani walivaa barakoa za pamba, zikafuliwa, zikachemshwa na kuvaliwa tena. Zile za kutupa zilianza kuchukua nafasi kwenye miaka ya 1960. Anayesema kitambaa ni mzaha aeleze hospitali zilikuwa zikivaa nini kabla ya hapo.

Lakini kosa kubwa la hoja ya wapinzani wangu liko mahali pengine, nalo ni hili: wanauliza barakoa inamsaidia nini aliyeivaa. Swali hilo nalielewa, kila mtu anapenda roho yake. Ila kazi kubwa ya barakoa ya kitambaa iko upande wa pili. Tone likitoka mdomoni ni kubwa na lina unyevu. Likisafiri hewani maji yake hukauka, linasinyaa na kuwa jepesi. Kulikamata pale linapotoka ni rahisi kuliko kulikamata likishakauka na kufika puani kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kitambaa kwenye mdomo wa anayekohoa kina nguvu kuliko kitambaa hicho hicho kwenye mdomo wa anayekoholewa.

Jaribio linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko yote ninayoyafahamu lilifanyika Afrika, huko Emalahleni, jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu walilazwa wodini, na hewa ya wodi hiyo ikaelekezwa kwenye vyumba viwili vya simbilisi, 90 kila kimoja. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa na hewa ikaenda chumba cha kwanza. Siku ya pili hawakuvaa, hewa ikaenda chumba cha pili. Ikaendelea hivyo kwa kupokezana. Mwishoni, katika chumba kilichopata hewa ya wasiovaa, simbilisi 69 kati ya 90 walikuwa wameambukizwa. Katika chumba cha siku za barakoa, 36. Barakoa zilizotumika zilikuwa za hospitali, na simbilisi si binadamu. Siutumii utafiti huu kudai kwamba kitambaa kingeleta tarakimu zile zile. Nautumia kwa sababu simbilisi wale hawakuvaa chochote. Aliyevaa alikuwa mgonjwa, na waliopona walikuwa wengine.

Hapo ndipo Watanzania tulipopoteana. Mjadala wetu wote ulikuwa wa kujikinga: nijikinge na nini, ninywe nini, nijifukize na nini. Nyungu ilipigwa nchi nzima. Sina ugomvi na mtu aliyepata nafuu ya mafua kwa mvuke wa mchaichai na mkaratusi. Lakini nyungu, hata ingekuwa na kila sifa iliyopewa, ilikuwa ya anayejifukiza. Haikumzuia kumkoholea jirani yake kwenye siti ya daladala asubuhi iliyofuata. Kipande cha kitambaa ndicho kilichokuwa kinamhusu jirani.

Nije kwenye tafiti, kwa kuwa wanaosema "utafiti umeshaonyesha" mara nyingi hawausemi ni upi. Zinazotajwa ni nne, na zote nitazipitia.

Wa kwanza ni wa Hanoi, uliochapishwa mwaka 2015. Wahudumu wa afya 1,607 katika hospitali 14 waligawanywa: wengine walivaa barakoa za hospitali, wengine za kitambaa, na wengine waliendelea na utaratibu wao wa kawaida. Waliovaa vitambaa waliugua zaidi. Matokeo hayo ni ya kweli, na nayachukulia kwa uzito: muuguzi asiachiwe kitambaa kwenye wodi ya wagonjwa wa mapafu, na serikali inayomwachia hivyo inamkosea. Lakini hapakuwa na kundi lililokaa bila barakoa. Hata kundi la utaratibu wa kawaida, wengi wao walikuwa wakivaa barakoa. Kwa hiyo utafiti ule ulisema kitambaa ni dhaifu kuliko barakoa ya hospitali. Kuhusu kitambaa dhidi ya mdomo mtupu haukusema neno. Tena watafiti wale wale walirudi kwenye takwimu zao mwaka 2020, wakaona kwamba wahudumu ambao barakoa zao za kitambaa zilifuliwa na dobi wa hospitali hawakuugua zaidi ya wenzao wenye barakoa za kitabibu. Walioumia ni waliojifulia wenyewe kwa mikono. Sehemu hii hainukuliwi kamwe. Nayo ndiyo yenye faida kwetu, maana inatuambia hatari ilikuwa kwenye ufuaji, jambo ambalo sabuni na maji ya moto vinaliweza.

Wa pili ni wa Denmark wa mwaka 2020, wenye washiriki wapatao 6,000. Kundi lililopewa barakoa, asilimia 1.8 waliambukizwa, kundi la pili, asilimia 2.1. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuisimamia. Lakini barakoa zile zilikuwa za hospitali. Hakuna kitambaa kilichopimwa pale. Na kilichopimwa ni kama mvaaji alijikinga yeye, katika nchi ambayo watu waliomzunguka hawakuvaa. Nimeshasema kwamba hapo ndipo barakoa ina nguvu ndogo zaidi.

Wa tatu ni wa Bangladesh, na huu ndio mkubwa: vijiji 600, watu wazima wapatao 340,000. Vijiji vilivyopewa barakoa na kuhamasishwa, uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42. Mahali zilipogawiwa barakoa za hospitali, maambukizi yenye dalili yalishuka kwa takriban asilimia 11, na kwa wazee wa miaka 60 na zaidi yalishuka kwa asilimia 35. Mahali vilipogawiwa vitambaa, matokeo hayakuwa wazi. Wapinzani husoma "hayakuwa wazi" wakaandika "hazifanyi kazi". Watafiti wenyewe walisema takwimu zao za kitambaa zinaruhusu yote mawili: kwamba hakisaidii, au kwamba kinasaidia karibu sawa na barakoa ya hospitali. Vijiji vya kitambaa vilikuwa 100 tu, nusu ya vile vya barakoa za hospitali, kwa hiyo jibu lake lilikuwa na ukungu zaidi. Na kumbuka, hata pale barakoa zilipofanya kazi, zaidi ya nusu ya watu hawakuzivaa. Kushuka kwa maambukizi miongoni mwa wazee kwa zaidi ya theluthi moja, wakati zaidi ya nusu ya kijiji kinatembea uso wazi, kwangu ni habari kubwa.

Wa nne ni mapitio ya Cochrane ya Januari 2023, ambayo vichwa vya habari viliyageuza kuwa tangazo kwamba barakoa ni bure. Tarehe 10 Machi mwaka huo mhariri mkuu wa Cochrane, Karla Soares-Weiser, alitoa taarifa kwamba tafsiri hiyo ni potofu. Kwamba mapitio yalichunguza iwapo kampeni za kuhimiza barakoa zinapunguza maambukizi, na hayakuweza kufikia hitimisho. Kuhimiza watu wavae ni jambo moja, na barakoa iliyo usoni ni jingine. Dawa isiyomezwa haijajaribiwa.

Nakubali kwamba wataalamu walituchanganya. Mwanzoni mwa Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado halijapendekeza barakoa kwa kila mtu. Marekani ilipendekeza vitambaa tarehe 3 Aprili. Shirika likabadili mwongozo wake tarehe 5 Juni. Kigeugeu hiki kiliwavunja watu imani, na wangetakiwa kueleza mapema na kwa lugha nyepesi kwa nini walibadilika: ilibainika kwamba mtu asiye na dalili yoyote anaambukiza. Kama angeambukiza mwenye kikohozi peke yake, ingetosha kumvalisha mwenye kikohozi. Ilipojulikana kwamba hatujui nani ana ugonjwa, ikabidi wavae wote. Lakini mwongozo wa Juni ulikuwa mzuri, na tuliupuuza. Ulisema barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu: la ndani la pamba inayofyonza unyevu, la nje la kitambaa kisichofyonza sana, na la katikati la polipropilini isiyofumwa.

Jina hilo la mwisho linatisha, lakini kitu chenyewe kiko karibu kila nyumba ya Tanzania. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, yale marambo yakaondoka na ikaja mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa lakini haina uzi uliofumwa. Mingi yake ni polipropilini isiyofumwa. Mwaka mmoja kamili kabla ya mwongozo ule, malighafi ya tabaka la katikati ilikuwa imening'inia nyuma ya milango ya majiko yetu. Hakuna aliyewaambia mafundi.

Na mafundi walikuwa tayari. Shule zilipofungwa Machi 2020, sare hazikushonwa. Sherehe zilipopungua, magauni nayo hayakushonwa. Fundi cherehani mwenye mabaki ya vitenge na mpira wa lastiki aligeuza kazi ndani ya siku chache, bila mkopo na bila semina. Kule Kitui nchini Kenya, kiwanda cha kaunti kilichokuwa kikishona sare kiliingia kwenye barakoa mwezi huo huo wa Machi. Katika Jamhuri ya Czech, barakoa za dukani zilipokosekana, watu walishona majumbani usiku na mchana wakagawana, na serikali ikaweza kuamuru kila mtu afunike uso katikati ya Machi, kabla ya karibu Ulaya yote. Huu ulikuwa uwezo wa kweli wa uzalishaji, umesambaa kila kata. Kilichokosekana ni kipimo. Fundi alishona alichoona kinapendeza, mteja akanunua kilichofanana na gauni lake.

Matokeo yake tunayakumbuka. Barakoa za tabaka moja, nyingine za lesi inayoonyesha midomo. Vitenge vya poliesta visivyoshika unyevu. Lastiki fupi inayokunja masikio, mtu anaishusha kidevuni ili apumzike. Barakoa moja ya wiki nzima, inatoka mfukoni ikiwa imeloa jasho. Kwenye geti la ofisi moja ya umma niliwahi kuona watu wakiazimana: anayetoka anaivua, anamkabidhi anayeingia, mlinzi anatazama na kuridhika. Huyo mlinzi alikuwa analinda amri. Ukichukua mambo haya yote ukayaita "barakoa ya kitambaa", kisha ukasema haikufanya kazi, utakuwa umesema kweli kuhusu mambo hayo na hujasema lolote kuhusu kitambaa.

Basi niseme inayofaa ikoje, kwa sababu malumbano yasiyofika kwenye sindano hayamsaidii mtu. Chagua pamba iliyofumwa kwa kubana: shuka zito, kitenge halisi cha pamba, khanga iliyofuliwa wanga wake ukaisha na kukunjwa mara mbili. Nyoosha kitambaa mbele ya jua. Ukiona mwanga unapenya kwa vitundu, kiweke kando. Kikate kitoshe kuanzia juu ya pua hadi chini ya kidevu, na kandokando kifike karibu na masikio, maana hewa inayopita pembeni haijachujwa na chochote. Shona waya mwembamba kwenye upindo wa juu, uubane puani. Wenye miwani watakushukuru. Kamba za kufunga kisogoni ni bora kuliko lastiki hafifu. Ukimaliza ivae, washa kiberiti mbele ya uso wako na upulize. Mwali ukizimika kirahisi, rudi kwenye cherehani. Kisha uwe nazo kadhaa ubadilishe ikilowa, uzifue kwa sabuni na maji ya moto, uzianike juani na kuzipiga pasi.

Kuna wanaosema inazuia pumzi na kumrudishia mtu hewa chafu. Madaktari wa upasuaji husimama na barakoa kwa saa nyingi wakishika visu. Hoja hiyo haihitaji zaidi ya hapo. Ila mtoto wa miaka mitano au chini asilazimishwe, mwenye shida ya kupumua asilazimishwe, na kiziwi anayesoma midomo ana haki ya kuona uso wa anayemsemesha. Wala kitambaa si jibu la kila ugonjwa. Marburg ilipoingia Kagera mwaka 2023, na tena 2025, tishio lilikuwa damu na majimaji ya mwili. Pale kinga ni glavu, mavazi kamili na kutogusa maiti. Natetea kitambaa kwa magonjwa ya pumzi.

Inabaki siasa, na siwezi kuiruka. Mwishoni mwa Aprili 2020 Tanzania Bara ilitangaza hesabu yake ya mwisho kwa muda mrefu; mwanzoni mwa Mei, Zanzibar ilipoongeza yake, jumla ya nchi nzima ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kukawa kimya. Tukajifunza kusema "changamoto ya upumuaji". Katika kimya hicho barakoa ilipoteza maana ya afya ikapata maana nyingine: aliyeivaa alionekana anatia watu hofu, au anapingana na wakubwa. Watu waliivua kabla ya kuingia kikaoni. Februari 2021, wakati misiba ilikuwa imeshaingia hadi kwenye ngazi za juu za uongozi, Rais Magufuli alisema serikali haijakataza barakoa, ila akawahimiza wananchi watumie zinazotengenezwa nchini na kuzitilia shaka za kutoka nje. Nami natetea za kwetu, lakini kwa sababu tofauti kabisa. Barakoa ya kushona nyumbani ni nzuri kwa kuwa ipo, inafulika na haina bei kubwa. Kuisifu kwa kuwatisha watu na zile za hospitali, ambazo ni bora kuliko hiyo, ni kuwanyima wauguzi na wagonjwa kinga, na kuifanya cherehani silaha ya uvumi.

Wenzetu wa Kenya walikosea kwa upande mwingine. Asiyevaa alikabiliwa na faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, wakati barakoa ya kitambaa iliuzwa barabarani kwa makumi ya shilingi. Kwa faini moja ungevalisha mtaa mzima. Mtu aliyevaa kwa kumwogopa askari huivua askari akipita, na hilo ndilo lililotokea kwenye matatu kutoka Nairobi hadi Mombasa. Uganda walau iliahidi kuwagawia bure wote wenye umri wa miaka sita na zaidi; utekelezaji ulisuasua, lakini wazo lilikuwa sahihi: mpe mtu kwanza, kisha mdai.

Nilichobaki nacho ni maombi. Wizara ya Afya iandike mwongozo wa ukurasa mmoja wa barakoa ya kitambaa, wenye michoro na vipimo, iupeleke zahanati zote na vyuo vya VETA sasa, wakati hakuna mlipuko wala hofu. Shirika la Viwango lishirikiane na mafundi kupima vitambaa vinavyouzwa Kariakoo na kutangaza vipi vinafaa. Walimu wa ushonaji waiweke kwenye mazoezi ya wanafunzi wao pamoja na kola na mfuko. Na kifua kikuu, ambacho kiko nasi kila siku na hakikusubiri korona, kitoshe kuwa sababu ya kuanza leo.

Nawe msomaji, ukiamka kesho una mafua na kikohozi na ni lazima upande daladala, funika pua na mdomo wako kwa kitambaa cha tabaka tatu. Wakikucheka, vaa hivyo hivyo. Aliyekaa jirani yako pengine anaishi na mzee nyumbani.